Kioo Kilichozuia Barua

Mazungumzo haya niliyatoa Mombasa, mbele ya wapenzi wa vitu vya kale. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimepunguza kikohozi.

Asalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mkichoka mtoke bila kuonekana. Tumewaona.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie kitu kimoja cha kale, nadhani alitarajia nije na sinia la shaba, au kipande cha mlango wa kuchongwa, au walau saa ya ukutani. Nimekuja na hiki. Nitakipitisha mkono kwa mkono, na ninaomba kirudi. Kinajaa kiganjani kama chungwa lililokatwa kitako ili lisimame. Ni donge la kioo, halina tundu wala kifuniko. Ukilitazama kwa juu unaona maua madogo madogo yamejipanga duara kama wanafunzi gwarideni. Ukiliinamisha, maua yanajivuta, yanakuwa makubwa upande mmoja na kupotea upande wa pili. Kazi yake ni kukaa juu ya karatasi zisipeperuke. Hana kazi nyingine huyu.

Kwenye kamusi mtakikuta kama kigandamizo. Ofisini kwa marehemu baba yangu, Kilindini, makarani walikiita gololi ya bwana, na nadhani walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kamusi.

Baba alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mara mbili tatu wakati wa likizo alinichukua, nikakaa juu ya kreti nikimsubiri. Dirisha wazi, pangaboi juu linazunguka likilia kama mlango mbovu, na kusi ikivuma hakuna karatasi inayotulia. Basi kila karani alikuwa na chake cha kuzuilia. Mmoja alikuwa na nati ya meli kubwa kama ngumi ya mtoto. Mmoja alikuwa na jiwe la mizani lililopoteza wenzake. Baba alikuwa na kipande cha reli kilichokatwa vizuri, amekipaka rangi nyeusi mwenyewe. Chumba cha ndani, kwa bwana mkubwa, ndiko kulikokuwa na kioo. Chuma kilizuia karatasi vizuri zaidi kuliko kioo, lakini hakuna aliyethubutu kusema.

Mwaka 1963 bwana yule alipofunga virago, aligawa vitu vyake, na baba akapewa kioo. Akaambiwa ni cha Kifaransa, cha zamani sana, akitunze. Nyumbani kwetu tangu siku hiyo kikaitwa kioo cha Mfaransa. Wageni wakija kinafutwa kwa kanga. Watoto tulikatazwa kukigusa, kwa hiyo tulikigusa sana.

Nilipostaafu nikaanza kumtafuta huyo Mfaransa ni nani. Ndiyo habari yangu ya leo.

Tuanze na barua, maana pasipo barua hiki ni gololi kweli. Uingereza kabla ya mwaka 1840, aliyepelekewa barua ndiye aliyelipa, na alilipa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Maskini akiletewa barua mlangoni aliweza kuikataa hata kama imetoka kwa mwanawe. Akatokea Rowland Hill akasema alipe anayetuma, peni moja, popote ndani ya nchi. Mwaka 1839 posta yao ilibeba barua takriban milioni 76. Mwaka 1840 zikakaribia milioni 169. Mwaka mmoja tu! Ufaransa nao wakaanza stempu yao tarehe 1 Januari 1849.

Fikirieni maana yake nyumbani. Mtu anayepata barua moja kwa mwaka huiweka kifuani, au ndani ya msahafu. Anayepata tatu kwa siku anahitaji mahali. Mwenye duka, mwalimu, mke wa daktari, wote ghafla wana karatasi: barua za kujibu, ankara, mialiko, risiti. Mabibi wakawa na meza zao ndogo za kuandikia. Maduka ya vifaa vya kuandikia yakajaa nibu za chuma, karatasi za kukaushia wino, lakiri, na katikati ya hayo yote vidonge hivi vya kioo, bei ambayo mtu wa kawaida mwenye mshahara aliweza kuimudu kwa zawadi.

Kwa hiyo kitu hiki kilipokaa mezani kilikuwa kinasema jambo moja kabla mgeni hajaketi: mwenye meza hii anaandikiwa. Kuandikiwa, jamani, si jambo dogo. Mimi nimekulia mtaa ambao mtu wa posta akisimama mlangoni majirani watatu wanatoka kuuliza habari imetoka wapi.

Aliyeanza kuvionyesha hadharani hakuwa Mfaransa. Alikuwa Mtaliano wa Venice, Pietro Bigaglia, katika maonyesho ya viwanda ya Vienna mwaka 1845. Wafaransa walikuwa wamemtuma huko Eugène Péligot, mtaalamu wa kemia, aangalie wenzao wanafanya nini. Akarudi Paris na habari ya madonge ya kioo yaliyojaa vipande vya rangi. Viwanda vya kioo vya Ufaransa wakati huo havikuwa na hali nzuri ya biashara, na habari ile ikawafikia kama mvua. Mwaka huohuo wa 1845 kiwanda cha Saint-Louis, kule Lorraine, kilikuwa tayari kimetoa vyake vyenye tarehe ndani. Baccarat, jirani yao, wakaingia. Vyao vyenye tarehe ni vya kuanzia 1846. Na Clichy, karibu na Paris, wakaja na ua lao dogo la waridi ambalo wakusanyaji hadi leo wakiliona wanashika kifua. Hao watatu ndio wakubwa. Kipindi chao kizuri hakikufika hata miaka 20.

Sasa vinatengenezwaje? Hapa nitakaa kidogo.

Wangapi humu wamewahi kumwona fundi wa gubiti akivuta sukari? Ahaa, wazee wote. Sukari ikiwa moto anaivuta, anaikunja, anaivuta tena, na mistari ya rangi iliyo ndani yake haipotei, inakuwa myembamba tu. Ndiyo siri yote. Fundi wa kioo anachovya fimbo yake ndani ya tanuri, anatoa bonge la kioo cheupe, analifunika kwa tabaka la bluu, analisukuma ndani ya kalibu yenye umbo la nyota, analifunika tena kwa jekundu. Ndani ya bonge sasa mna nyota nene kama kifundo cha mkono. Mwenzake anashika upande wa pili kwa fimbo yake, kisha wanaachana, mmoja huku mmoja kule, wanatembea kinyumenyume na kioo kinavutika kati yao. Kinapopoa ni ufito mrefu mwembamba kama penseli. Nyota ile bado imo ndani, kuanzia mwanzo hadi mwisho, imepungua tu. Wanaukata kama pingili za mua, na kila pingili ina nyota usoni. Wakitaka ua lenye petali nyingi wanafunga fito kadhaa pamoja, wanazipasha moto na kuzivuta upya.

Kisha inakuja kazi ya subira. Vipande vinapangwa kimoja kimoja kwa koleo ndogo ndani ya pete ya chuma. Vinapashwa moto ili visipasuke, halafu bonge la kioo safi kilichoyeyuka linateremshwa juu yake na kuvinyakua vyote. Fundi analizungusha ndani ya kata ya mti iliyoloweshwa maji, mvuke unapanda, kuba linatokea. Halafu kinapozwa polepole sana, maana kikipoa kwa haraka kinajipasua chenyewe. Mwishoni anayekata na kusugua anafuta kovu la kitako, na pengine anachonga vidirisha ubavuni ili ua lionekane mara sita.

Jina la mtu hamtalikuta. Mtakuta herufi, B ya Baccarat, SL, C. Hizo ni herufi za kiwanda. Waliovuta fito kinyumenyume hawana herufi. Habari moja ya mtu mdogo imebaki, nayo naipenda: pale Baccarat mkuu wa kiwanda, Jean-Baptiste Toussaint, alimwona mpwa wake mdogo, Emile Gridel, akikata vivuli vya wanyama kwa karatasi. Vivuli vile vikageuzwa kuwa kalibu za fito. Ndiyo maana ndani ya vigandamizo vya Baccarat vya 1846 na kuendelea kuna jogoo, mbwa na nyani wadogo kuliko punje ya dengu. Mchezo wa mtoto umedumu kuliko majina ya mafundi wote.

Mama zangu, hapa sasa nataka mnisikilize, maana panatuhusu.

Ufito ule ukivutwa ukiwa na tundu katikati, kipande chake ni ushanga. Ukivutwa bila tundu, kipande chake ni ua la kigandamizo. Kazi ni ileile, na mji ni uleule. Bigaglia ametoka Murano, kisiwa cha Venice kilichouzia dunia shanga kwa karne nyingi, na shanga za Venice zilishuka Unguja kwa mapipa. Richard Burton, msafiri Mwingereza, alipopita pwani hii mwaka 1857 alihesabu aina karibu 400 za shanga sokoni. Zile nyekundu, samesame, anasema ziliitwa pia kivunja mji, kwa sababu mwanamke angeweza kuiangusha nyumba yake na mumewe ili azipate. Msicheke, nyinyi mnajua. Msafara ukibeba rangi ambayo mwaka huo haitakiwi Ugogo au Unyamwezi, wapagazi wanalala njaa na mizigo ya mali iko pembeni yao. Shanga zilikuwa fedha, na zilikuwa fasheni, na fasheni ikibadilika fedha inakufa.

Wasafiri wale waliandika kwa kebehi kwamba Waafrika wanatoa pembe za ndovu kwa vipande vya kioo. Sawa. Lakini miaka ileile, Paris na London, bibi mwenye kofia alikuwa dukani akitoa fedha yake kwa vipande vya kioo vilivyovutwa kwa mkono uleule, tofauti ni kwamba vyake vimezamishwa ndani ya donge. Na mwanamke wa huku walau aliweza kuvivaa kiunoni. Mimi simlaumu yeyote kati ya hao wawili. Vipande vyenyewe ni vizuri.

Turudi kwa yule bibi. Alimnunulia nani? Mara nyingi alinunua kwa kumpa mtu. Ua linaloonekana zaidi ya mengine ndani ya vigandamizo vya Baccarat vyenye ua moja ni lile ambalo Wafaransa huliita *pensée*, na neno hilohilo kwa lugha yao ni fikra. Mwanamke hawezi kumwandikia mwanamume waziwazi kwamba nikumbuke. Anampa kioo, kinakaa mezani kwake juu ya barua za watu wengine mchana kutwa, na ua ndani yake linasema. Wamombasa tunaijua kazi hiyo. Sisi tunayo leso, nao walikuwa na leso ya kioo, ila yao maandishi yake hayasomeki mpaka ujue jina la ua.

Vingine vilikuwa vya siasa na dini. Kuna namna ya kuchonga sanamu ndogo ya udongo mweupe na kuifungia ndani ya kioo ikang'aa kama fedha. Mwingereza Apsley Pellatt aliichukulia hataza mwaka 1819. Wafaransa wakaitia ndani ya vigandamizo: Napoleon, Malkia Victoria, Bikira Maria, watakatifu. Ukiingia ofisini mwa mtu na kumkuta Napoleon amelala juu ya faili zake, umeshajua useme nini na uache nini. Picha ya rais ukutani ni dada yake.

Fasheni ikaisha, karibu miaka ya 1860. Vikaenda dirishani, vikaenda kwa watoto, vikaenda kabatini. Barua hazikupungua, zilizidi, lakini meza ya mtu mwenye barua nyingi haikuwa tena jambo la kumtambia mgeni. Kila mtu alikuwa nazo.

Walivirudisha watu waliokuwa hawana haja navyo kwa kazi yoyote. Colette, mwandishi wa Ufaransa, alivikusanya chumbani mwake Palais-Royal, Paris, uzeeni, alipokuwa hawezi tena kutembea kwa maumivu ya viungo. Mwaka 1948 alitembelewa na mwandishi kijana wa Kimarekani, Truman Capote, naye kijana akavikodolea macho. Colette akampa kimoja cha Baccarat chenye waridi jeupe. Kijana akasita kupokea kitu anachoona mwenyewe anakipenda, na bibi akamjibu, kwa maana, kwamba hakuna faida kutoa zawadi usiyoipenda. Capote akawa mkusanyaji, na safarini alikuwa akichukua kadhaa ili chumba cha hoteli kisimuone mgeni.

Mfalme Farouk wa Misri alivikusanya pia, kama alivyokusanya kila kitu. Alipopinduliwa mwaka 1952 mali zake za kasri zikapigwa mnada Cairo mwaka 1954, na vigandamizo vikiwemo. Kule Neenah, Wisconsin, Evangeline Bergstrom aliacha nyumba na vigandamizo vyake viwe jumba la makumbusho. Chicago, tajiri wa majengo Arthur Rubloff aliwapa Art Institute, jumba la sanaa la mji huo, zaidi ya 1,000. Na mwaka 1990, New York, kimoja cha Clichy, kikapu cha maua, kiliuzwa mnadani dola 258,500. Kijana pale mlangoni ameketi vizuri sasa.

Ndipo na mimi, baada ya kusikia bei hiyo, nikakitoa hiki kabatini kwa mikono miwili.

Nikampelekea mtu anayevijua. Hakutumia mashine. Alikishika tu, akakipima kiganjani mara moja kama mama anavyopima embe, akakirudisha mezani. Chepesi, akasema. Vya Saint-Louis na Baccarat vimetiwa madini ya risasi ndani ya kioo, vina uzito unaokushangaza. Akanionyesha dirishani: kioo changu kina umanjano kidogo, kama maji ya mchele. Kitako kimesagwa bila kung'arishwa. Fito zake ni nene, nyota zimevimba. Ukikipapasa kinateleza kana kwamba kimepakwa mafuta. Akaniambia ni cha China, miaka ya 1930, walipokuwa wakinakili vya Wafaransa kwa ajili ya soko la Magharibi.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mama. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, karatasi zilikuwa zikipeperuka? Nikasema hapana. Akaendelea na mchele wake.

Sijui kama yule bwana wa Kilindini alijua. Nafikiri naye alidanganywa na aliyemuuzia, na mwuzaji naye pengine alidanganywa kabla yake. Mchina aliyekivuta ndiye peke yake aliyejua anafanya nini, na alikifanya vizuri kiasi cha kutosha watu watatu waamini, na mtaa mzima.

Nimebakiza dakika ngapi? Basi nimalizie na meza ya nyumbani. Baba alipokileta kioo, reli yake aliiacha ofisini, na nyumbani hatukuwa na karatasi nyingi za kuzuia. Ripoti zetu za shule. Bili ya umeme. Na barua za anga za kaka yake, aliyekuwa Muscat, zile karatasi za buluu nyepesi ambazo ukipumua tu zinaondoka. Baba alikuwa na utaratibu wake: barua iliyojibiwa inaingia kwenye mkebe wa biskuti, isiyojibiwa inakaa chini ya kioo. Kwa hiyo kila mtu nyumbani, hata asiyejua kusoma, alijua kama ami anasubiri jibu.

Alipofariki, chini ya kioo mlikuwa na mbili. Ya kwanza ami alikuwa anauliza kama mvua imenyesha. Ya pili anauliza mbona hujanijibu ya kwanza. Nilizijibu mimi, kwa karatasi moja, nikazitia kwenye mkebe.

Kiko wapi? Naona kimefika safu ya tatu. Mama, tafadhali, mpe anayefuata, lakini kishike kwa chini.